Banff au Jasper? Hesabu siku za kulala kwanza, milima baadaye

Kila mwaka theluji ikianza kulegea, simu zinaanza. "Kaka, mama anakuja Julai. Nimpeleke Banff au nimpeleke Jasper?" Ni miji miwili midogo ya milimani hapa Alberta, magharibi mwa Kanada, kila mmoja ndani ya hifadhi yake ya taifa. Mwenzetu wa Calgary hana haja ya kuuliza. Banff iko kilomita kama 130 kutoka kwake, saa moja na nusu, anakwenda asubuhi na jioni yuko nyumbani anapika. Sisi wa Edmonton ndio tunaosumbuka. Jasper iko kilomita 365 upande wa magharibi. Banff, ukishuka Red Deer ukapita Calgary, inazidi 400. Zote ni safari ya saa nne na ushee, kwa hiyo umbali haukusaidii kuamua. Picha za mtandaoni ndiyo kabisa: huku ziwa la bluu na mlima, kule ziwa la bluu na mlima.

Mwishoni mwa Juni 2025 niliamua kumpeleka mama yangu kote kuwili kwa mkupuo mmoja. Tulilala Banff siku moja, Jasper siku mbili, mke wangu na watoto wawili kiti cha nyuma, na mfuko wa unga wa sembe chini ya miguu yao. Nilishakwenda kote mara kadhaa kabla ya hapo, lakini kwenda peke yako ukiwa na miguu mizima ni jambo jingine, na kwenda na mtu wa miaka sabini na mbili mwenye goti bovu ni jambo jingine. Safari ile ndiyo iliyonipa jibu ninalowapa watu sasa: niambie kwanza utalala siku ngapi na una gari au huna. Habari ya milima tutaizungumza baadaye.

Mji ndani ya hifadhi ni kitu gani

Sisi tuliokulia Moshi tunaijua hifadhi ya taifa kwa geti. Vijiji vinaishia huku, geti liko kule, ukishavuka ni msitu, wapagazi na kibanda cha kulala. Ngorongoro watu wanaishi na mifugo yao, lakini ile si hifadhi ya taifa, ina sheria zake. Kwa hiyo mama alipolipita geti la Banff barabarani, na baada ya dakika chache akaona taa za kuongozea magari, shule, hospitali, kanisa na duka kubwa la vyakula, aliuliza swali la haki kabisa: "Sasa wanyama wanakaa wapi kama watu ndio wanakaa hapa?"

Wanakaa hapohapo. Hilo nitalirudia.

Banff ina watu 8,300 hivi kwa sensa ya 2021, Jasper ilikuwa na 4,700 na kitu. Ardhi yote ni ya serikali kuu. Mwenye nyumba anamiliki kuta na paa, kiwanja anakikodi, kwa kawaida kwa miaka 42. Na huruhusiwi kuhamia eti kwa sababu umependa mandhari: lazima uwe na kazi au biashara palepale mjini. Mipaka ya miji yenyewe imefungwa na sheria, haitanuki. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo linaloeleza bei ya vyumba utakayokutana nayo. Wageni ni mamilioni, mji hauruhusiwi kukua.

Miji yote miwili ililetwa na reli. Banff ilianza na chemchemi za maji moto. Serikali ilitenga eneo lake mwaka 1885, ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Kanada, na kufikia 1888 kampuni ya reli ilishafungua hoteli kubwa kama ngome ili matajiri wapande treni. Hifadhi ya Jasper ilitangazwa 1907, na mji ukafuata reli mwaka 1911. Katikati hapo, mwaka 1910, familia za Wametisi, watu wenye asili ya wenyeji wa Kanada na Wazungu, waliokuwa wakilima na kufuga katika bonde la Jasper ziliondolewa ili hifadhi ibaki "pori". Mtanzania ataelewa habari hiyo bila kutafsiriwa.

Banff: mji wa mtu mwenye siku moja

Nianze na sifa yake kubwa, ambayo haipigwi picha: mabasi. Banff unaweza kwenda bila gari kabisa. Kutoka Calgary kuna mabasi ya uwanja wa ndege na ya kawaida, na ukishafika, mabasi ya umma ya Roam yanakupeleka kwenye chemchemi, kwenye kambi ya Tunnel Mountain, kwenye gari la waya, mpaka Lake Louise iliyoko karibu kilomita 57. Kama mgeni wako anakuja peke yake huku wewe uko kazini, mjadala umeisha. Jasper bila gari utabaki kutazama treni za mizigo.

Na hata ukiwa na gari, Banff litakuwa mzigo. Ziwa Moraine, lile la kwenye kila kalenda, magari binafsi yamepigwa marufuku kwenye barabara yake tangu 2023. Lazima basi, na basi lazima ulikatie nafasi mapema. Lake Louise maegesho yanajaa kabla watu wazima hawajanywa chai. Katikati ya mji unalipia maegesho kwa saa. Ujanja wa wenyeji ni kuegesha pale stesheni ya treni, ambako kuna eneo kubwa la bure kwa saa tisa, kisha unatembea dakika kumi.

Mama alikuwa na ugomvi na milima ya Banff tangu tulipoiona. Aliuliza Cascade, ule unaosimama mwisho wa barabara kuu, una urefu gani. Nikamwambia mita 2,998. Akaguna. "Hicho ni kilima. Kibo ni 5,895." Na ni kweli, mji wa Banff wenyewe uko mita 1,383, chini kuliko geti la Marangu, kwa hiyo mgeni wa kwetu asihofie habari za kukosa pumzi. Lakini nusu saa baadaye nilimkuta kwenye benchi la Banff Avenue, shingo ameirusha nyuma, anautazama uleule mlima. Kibo sisi tunakiona kwa mbali, kwa ruhusa ya mawingu. Huu umesimama nyuma ya duka la viatu, ungedhani mwenye duka ndiye aliyeuegesha.

Kuhusu gari la waya la mlima Sulphur: lipo tangu 1959, dakika nane unafika mita 2,281, na juu kuna njia ya mbao yenye vizuizi na ngazi, mpaka kilele cha pembeni. Kwa mtu mwenye goti bovu ni njia rahisi ya kuyaona mabonde ya Banff kutoka juu. Ni ghali, tena bei inapanda na kushuka kulingana na siku na saa. Mama alipoingia kwenye kile kibanda kinachoning'inia alikumbuka ule mjadala wa nyumbani wa mwaka 2019, serikali ilipozungumzia kuweka magari ya waya Kilimanjaro na waongozaji wakaja juu. Alikuwa upande wa wapagazi. Tulipofika juu alikaa kimya, kisha akasema bado yuko upande wa wapagazi, ila amefurahi kupanda. Wenye miguu wanaweza kupanda mlima huohuo bure kwa njia ya nyoka ya kilomita tano na nusu. Watoto wangu walipanda Tunnel Mountain badala yake, ambao ni kimlima kilicho mjini kabisa, kwenda na kurudi saa moja na nusu. Jina linatokana na handaki ambalo reli ilipanga kulitoboa na halikutobolewa kamwe.

Kasoro ya Banff ni msongamano. Mchana wa Julai barabara kuu ni Kariakoo yenye mandhari nzuri. Migahawa ya kila aina, foleni ya aiskrimu, vikundi vya watalii nyuma ya bendera. Mimi unanichosha. Ila lazima niwe mkweli: mama aliupenda. Alikaa kwenye lile benchi saa nzima na zaidi, kitenge juu ya koti la baridi, akihesabu mataifa. Kina mama watatu wa Kipunjabi walikaa naye, hawana lugha moja hata nusu, wakaonyeshana picha za wajukuu. Mzazi wako akiwa ni mtu wa watu, usimdharau kwa kudhani anataka ukimya wa msitu. Ukimya anao kijijini.

Barabara iliyo katikati

Kabla sijafika Jasper lazima niseme juu ya barabara ya Icefields, kilomita 232 kutoka Lake Louise mpaka Jasper, kwa sababu kwa watu wengi hii ndiyo safari yenyewe na miji ni sehemu za kulala tu. Jaza mafuta kabla ya kuanza. Njiani kuna kituo kimoja tu cha mafuta, Saskatchewan Crossing, na majira ya baridi kinafungwa. Mtandao wa simu hakuna kwa sehemu kubwa ya njia, kwa hiyo ramani ipakue mapema na mwambie mtu unatarajia kufika saa ngapi. Kuanzia Novemba mpaka mwanzo wa Aprili sheria inadai matairi ya theluji.

Rangi ya maziwa utakayoyaona njiani, Bow na Peyto, inasababishwa na unga. Barafuto, yaani barafu nene inayosogea polepole, inaposhuka mlimani inasaga mwamba chini yake kama jiwe la kusagia, na vumbi lake jepesi linaelea majini na kurudisha mwanga wa bluu na kijani. Nilimweleza mama hivyo. Akachota maji kiganjani, akayatazama, akasema mbona meupe. Nikamwambia ndiyo huo unga wenyewe, laini kuliko sembe.

Karibu na katikati ya njia kuna barafuto ya Athabasca, ulimi mmoja wa uwanja wa barafu wa Columbia, ambao maji yake yanagawanyika kwenda bahari tatu. Kuna kampuni inayokupandisha juu ya barafu kwa magari yenye matairi makubwa mno. Hatukulipa. Ile njia ya miguu ya kuelekea ukingoni inatosha, kwa sababu imepandwa vibao vya miaka. Unaegesha gari, unakuta kibao: barafu ilifika hapa mwaka fulani. Unatembea, kibao kingine, miaka kumi baadaye. Unatembea tena. Imerudi nyuma zaidi ya kilomita moja na nusu katika kipindi cha karne moja na robo hivi, na imepoteza karibu nusu ya ujazo wake. Mama alitembea mpaka kibao cha 1982, akasimama, goti likakataa. Huo ndio mwaka alioolewa. Alitazama mbele ilikobaki barafu, akatazama nyuma kwenye maegesho, kisha akaanza kuniambia jinsi Kibo kilivyokuwa cheupe mpaka chini enzi hizo, jambo alilokwisha kuniambia mara nyingi na ambalo siku zote nilidhani ni chumvi ya wazee.

Jasper: lala, la sivyo usiende

Nimeona watu wanaendesha saa nne kutoka Edmonton, wanafika Jasper saa sita mchana, wanakula baga, wanapiga picha kwenye sanamu ya dubu, wanarudi. Halafu wanasema Jasper ni padogo hakuna kitu. Wana haki. Mchana Jasper ni mtaa mmoja mrefu mbele ya reli na mwingine nyuma yake. Maduka machache, migahawa michache, na treni za mizigo ndefu kiasi kwamba watoto huchoka kuhesabu mabehewa.

Mji huo unaamka saa ambazo wageni wa mchana hawapo. Saa kumi na moja alfajiri ya siku ya pili nilitoka nje kutafuta kahawa, nikakuta elki jike amesimama kwenye nyasi upande wa pili wa barabara. Elki ni kulungu mkubwa, mwili wa ng'ombe wa maziwa kwenye miguu ya swala. Alikuwa na ndama mwenye madoa meupe, amelala chini ya benchi la kusubiria basi. Mwendesha baiskeli mmoja, mwenyeji bila shaka, alishuka, akavuka upande wa pili, akapita kwa mbali akiikokota baiskeli bila hata kumtazama mnyama usoni. Niliiga. Mei na Juni majike wana ndama na wanapiga mateke, Septemba madume yamepandwa na wazimu wa kupandana. Sheria ni mita 30 kutoka kwa elki, sawa na mabasi matatu yaliyopangwa, na mita 100 kwa dubu na mbwa mwitu. Mama aliyatazama yote hayo dirishani ghorofa ya pili, na alipopata jibu la swali lake la Banff alilisema mwenyewe: "Kumbe wanyama ndio wenye mji, watu wamepanga."

Banff nayo ina elki, lakini barabara kuu inayoipita imezungushiwa uzio mrefu, na wanyama wamejengewa madaraja 6 ya juu na njia 38 za chini. Ni kazi nzuri ajabu, ila inawaweka mbali na macho yako. Barabara ya Jasper haina uzio wa namna hiyo. Utaona wengi zaidi, na kwa sababu hiyohiyo usiendeshe kwa kasi alfajiri wala magharibi.

Sifa nyingine ya Jasper ni giza. Tangu 2011 hifadhi yake inatambuliwa rasmi kama eneo la kulinda anga la usiku, na Oktoba kuna tamasha la nyota. Lakini hapa nilikosea hesabu, na nakuonya usirudie kosa langu. Juni jua linazama karibu saa nne usiku, na weupe unabaki angani mpaka watu wote wameshalala. Nilimwahidi mama nyota kama za kijijini, nikakesha naye bure kando ya Ziwa Pyramid, amejifunika blanketi, mpaka saa sita kasoro akasema, "Mwanangu, hizi nyota zimefunga ofisi." Nyota zifuate kuanzia katikati ya Agosti.

Maji: Ziwa Maligne liko karibu kilomita 50 kutoka mjini, urefu wake kilomita 22, na boti ya kwenda Spirit Island inamfaa mzee kwa kuwa kazi yote ni kukaa. Chemchemi za Miette ndizo zenye maji moto zaidi katika milima hii, lakini ziko kilomita 61 kutoka mjini na hufunguliwa miezi ya joto tu. Banff maji moto yako mjini, mwaka mzima. Jasper nayo ina gari la waya, tangu 1964, na kule juu ni uchi zaidi: mawe, upepo, na marmota, viumbe kama pimbi walionenepa, wanaopiga mluzi. Sikumpandisha mama. Kupanda magari mawili ya waya katika wiki moja ni kuchezea pesa.

Moto wa 2024

Huwezi kumshauri mtu kwenda Jasper bila kumwambia hili, na naona makala nyingi za utalii zinalipitia haraka. Julai 22, 2024 watu wapatao 25,000, wenyeji na wageni, waliambiwa waondoke usiku. Siku mbili baadaye moto uliingia mjini kutoka kusini. Majengo 358 kati ya 1,113 yaliteketea. Wenyeji waliruhusiwa kurudi katikati ya Agosti, wengine wakirudi kwenye majivu. Msitu ulikuwa umekaa miongo mingi bila kuungua kwa sababu moto ulikuwa ukizimwa, na wadudu wa misonobari walikuwa wameacha miti mingi mikavu imesimama kama kuni.

Je, umeharibu safari? Inategemea unatafuta nini. Mtaa mkuu wa biashara kwa sehemu kubwa ulisalimika, maziwa yapo, milima haiungui. Lakini ukiingia kutoka kusini, kwa barabara ya Icefields, unapita kilomita nyingi za vigogo vyeusi, chini yake kijani kimeanza kuchomoza. Mtaa wa nyumba upande wa kusini-magharibi mwa mji ulikuwa, tulipofika, viwanja vitupu, vifusi, fremu mpya za mbao na nyumba za muda. Tulitembea huko jioni. Kiwanja kimoja kilibaki na ngazi nne za zege zinazopanda kwenda hewani, na juu ya ngazi ya mwisho mtu ameweka chungu cha maua mekundu yaliyomwagiliwa siku hiyohiyo, zege bado lina maji. Mama aliwazuia watoto wasikanyage ngazi. "Hapo ni mlangoni kwa mtu," alisema.

Ukitaka msitu wa kalenda, wa kijani usio na doa, nenda Banff. Mimi naona pesa yako inafanya kazi zaidi Jasper kwa sasa. Hoteli zilizobaki, migahawa na madereva wa boti ni watu waliopoteza msimu mzima.

Pesa na sufuria

Kiingilio hakitofautiani. Tiketi moja inatumika hifadhi zote mbili, na kabla ya msamaha ilikuwa dola 11 za Kanada kwa mtu mzima kwa siku au 22 kwa gari la familia, watoto mpaka miaka 17 bure. Tiketi ya siku inafika mpaka saa kumi jioni ya kesho yake. Sisi hatukulipa kwa sababu mwaka 2025 serikali ilifuta kiingilio kuanzia Juni 20 hadi Septemba 2. Angalia mwaka unaokwenda wewe. Vyumba ndiyo maumivu, na hapo sioni mshindi. Banff ina vyumba vingi na wanunuzi wengi zaidi, Jasper ina vichache na vingine vimeungua. Julai chumba cha kawaida kabisa kinaweza kupita dola 400 kwa usiku kote kuwili. Banff ina mlango wa kutokea: Canmore, mji ulio nje ya geti, kilomita kama 25 kutoka Banff, basi la umma lipo. Nayo siyo rahisi siku hizi, ila unaweza kupata nyumba yenye jiko. Upande wa Jasper mlango huo ni Hinton, karibu kilomita 80 mashariki, na ukilala Hinton umekosa alfajiri, ambayo ndiyo uliyoifuata.

Mwenye nguvu apige kambi. Nafasi za kambi hufunguliwa mtandaoni mwanzoni mwa mwaka, na zile za Julai zinakwisha upesi. Miaka ya nyuma tulipiga kambi Tunnel Mountain, pale Banff, tukapika ugali na nyama. Usiku nikaloweka sufuria yenye ukoko nje ya hema kama ninavyofanya siku zote. Asubuhi mlinzi wa kambi alikuwa amesimama juu yake mikono kiunoni. Alitueleza kwa upole kwamba chochote chenye harufu ya chakula, hata sufuria chafu, hata dawa ya meno, hakilali nje, kwa sababu dubu akishazoea kula kwa watu, mwisho wake ni risasi. Tuliponea onyo. Kulisha au kuvutia wanyama faini yake inaweza kufika dola 25,000. Ukoko loweka ndani ya gari.

Kwa hiyo nani aende wapi

Mgeni asiye na gari, mgeni wa siku moja au ya kulala mara moja tu, mgeni anayependa kuona watu na kurudi na picha ambayo kila mtu ataitambua: Banff, bila kusita. Mzee mwenye tatizo la miguu naye namweka Banff, kwani kila kitu kiko karibu na hospitali ni kubwa kidogo. Vijana wanaotafuta kazi za hoteli za msimu nawaelekeza hukohuko. Nafasi ni nyingi na waajiri wengi wana mabweni, wakati Jasper nyumba za wafanyakazi zimekuwa haba mno tangu moto.

Wanaolala siku mbili au tatu, wana gari, wanaamka mapema, wanataka kuona mnyama bila kuzungukwa na simu arobaini zilizonyanyuliwa: Jasper. Wanandoa wapya, Jasper. Mpiga picha, Jasper, Septemba. Mwenye watoto wadogo sana afikirie mara mbili ile barabara ndefu isiyo na choo cha karibu wala mtandao wa katuni.

Na ukiwa na siku nne kamili, usichague. Ingia kwa Banff, pita Icefields mchana ukielekea kaskazini, tokea Jasper kurudi Edmonton. Elekea kaskazini, narudia, uumalizie utulivu mwishoni. Tuliowahi kufanya kinyume tulifika Banff tukiwa tumezoea ukimya, tukagombana kwenye maegesho.

Mama aliporudi Moshi aliulizwa na jirani zake ni mji upi ulikuwa mzuri. Aliwasifia Banff, kwa sababu ya benchi na wale kina mama wa Kipunjabi. Picha aliyoipigia fremu sebuleni, lakini, ni ya elki na ndama chini ya benchi la basi, imepigwa dirishani, kioo kina ukungu. Mwaka huu anakuja dada yake, mama mdogo wangu, Septemba, kwa wiki mbili. Goti lake zima. Nimeshamlipia Jasper siku tatu na Banff moja, na nimemwambia asibebe unga, upo.